KURA NA NAFASI KATIKA MSTARI

Vitu vingi tunavyoviona kila siku hukaa katika mstari. Madawati hupangwa katika mistari, miche ya mkonge hupandwa katika mistari, na watu husimama katika mstari ili kungoja zamu yao.

Mistari mingine hupangwa na watu kwa utaratibu unaojulikana. Katika jiji la Tanga, si mbali na Chumbageni, iko sehemu iitwayo Ngamiani. Huko mitaa mingi huitwa kwa namba: Barabara ya Kwanza, Barabara ya Pili, na kuendelea. Mtu aliyefika Barabara ya Nane hana haja ya kubahatisha. Anajua kwamba upande mmoja atakuta Barabara ya Saba, na upande wa pili Barabara ya Tisa.

Lakini iko mistari mingine ambayo nafasi zake hugawanywa kwa kura. Kabla kura haijapigwa, hakuna ajuaye nani atakuwa wa kwanza na nani atakuwa wa mwisho. Mgawanyo wa namna hii huitwa mgawanyo wa nasibu. Je, jambo lisilojulikana laweza kupimwa kwa hesabu? Katika somo hili tutaona kwamba laweza. Tutaona pia kwa nini wataalamu wa kilimo na wa afya hupiga kura kabla ya kuanza majaribio yao.

HADUBINI MOJA, WANAFUNZI WANNE

Tuseme kwamba shule moja ya Chumbageni ina hadubini chache. Kila kundi la wanafunzi wanne limepewa hadubini moja ili watazame mguu wa mbu. Kipindi ni cha dakika 40. Anayetazama kwanza ana muda mwingi wa kutazama na kuchora. Anayetazama mwisho huenda akasikia kengele ikilia kabla hajamaliza mchoro wake. Kwa hiyo kila mmoja anataka kuwa wa kwanza.

Katika kundi moja wamo Asha, Bakari, Chiku na Daudi. Wakigombana, muda utapotea. Mwenye nguvu akijitanguliza, mnyonge ataonewa. Wakiamua kupiga kura, kila mmoja atapata nafasi bila ya upendeleo. Hebu tufanye kama wao.

JARIBIO LA 1: Kugawa nafasi kwa kura

Vifaa: vikaratasi vinne vyenye ukubwa sawa, kalamu, na kifuu cha nazi au kopo tupu.

Utaratibu:
1. Andika namba 1, 2, 3 na 4, kila namba katika kikaratasi chake.
2. Kunja vikaratasi vyote kwa namna moja, ili kimoja kisitambulike kwa umbo lake.
3. Vitie ndani ya kifuu, kisha uvichanganye vizuri.
4. Kila mwanafunzi achukue kikaratasi kimoja bila ya kuchungulia.
5. Wote wafungue vikaratasi vyao kwa pamoja, kisha wasimame katika mstari kwa kufuata namba walizopata.
6. Andika mpango mliopata kwa herufi za mwanzo za majina.

Rudieni jaribio hili mara tano. Je, mpango uleule umetokea zaidi ya mara moja? Je, yuko mtu aliyekuwa wa kwanza mara nyingi kuliko wenzake?

KUHESABU MIPANGO

Ili tujue bahati ya kila mtu, yatupasa kwanza kujua mipango yote inayoweza kutokea. Tuanze na watu wachache.

Mtu mmoja ana mpango mmoja tu. Watu wawili, Asha na Bakari, wana mipango miwili: AB na BA. Watu watatu, Asha, Bakari na Chiku, wana mipango sita:

ABC   ACB
BAC   BCA
CAB   CBA

Tazama mipango hiyo kwa makini. Nafasi ya kwanza yaweza kushikwa na mtu yeyote kati ya watatu. Akishapatikana wa kwanza, wanabaki wawili wa kushika nafasi ya pili. Akishapatikana wa pili, anabaki mmoja tu, naye hana budi kushika nafasi ya tatu. Kwa hiyo idadi ya mipango ni 3 × 2 × 1 = 6.

Kwa watu wanne tunafuata njia ileile: 4 × 3 × 2 × 1 = 24. Hii ndiyo idadi ya mipango ya kundi la Asha na wenzake. Jedwali lifuatalo laonyesha jinsi idadi ya mipango inavyokua:

Watu 1: mpango 1
Watu 2: mipango 2
Watu 3: mipango 6
Watu 4: mipango 24
Watu 5: mipango 120
Watu 6: mipango 720
Watu 7: mipango 5,040
Watu 10: mipango 3,628,800

Idadi hukua kwa kasi kubwa. Wanafunzi kumi wakiamua kusimama katika mpango mpya kila siku, bila ya kurudia mpango wowote, itawachukua zaidi ya miaka 9,900 kuimaliza mipango yote!

UWEZEKANO NI NINI?

Ikiwa kura imepigwa kwa haki, kila mpango kati ya ile 24 una bahati sawa ya kutokea. Tukitaka kujua bahati ya jambo fulani, tunahesabu mipango yenye jambo hilo, kisha tunagawanya kwa idadi ya mipango yote. Jibu tunalopata huitwa uwezekano.

Uwezekano wa Asha kuwa wa kwanza ni upi? Asha akiwa wa kwanza, wenzake watatu waweza kupangwa nyuma yake kwa namna 6. Basi mipango ambayo Asha ni wa kwanza ni 6 kati ya 24:

6/24 = 1/4

Fanya hesabu kama hiyo kwa Bakari, Chiku na Daudi. Utaona kwamba kila mmoja ana uwezekano wa 1/4 wa kuwa wa kwanza, 1/4 wa kuwa wa pili, 1/4 wa kuwa wa tatu, na 1/4 wa kuwa wa mwisho. Hakuna aliyependelewa.

Jambo lisiloweza kutokea kabisa lina uwezekano wa 0. Jambo ambalo halina budi kutokea lina uwezekano wa 1. Mambo mengine yote yako katikati ya 0 na 1.

JE, ANAYECHUKUA KURA KWANZA ANA BAHATI ZAIDI?

Mara nyingi watoto husukumana ili wawe wa kwanza kuchukua kikaratasi. Wengine hudhani kwamba anayechukua mwisho huachiwa makombo. Tuchunguze kama dhana hii ni kweli.

Tuchukulie kwamba kura imepigwa mara 24, na kwamba mambo yametokea sawasawa na hesabu. Asha anachukua kwanza, kisha Bakari, kisha Chiku, na Daudi anachukua mwisho.

Asha atapata namba 1 mara 6. Katika mara 18 zilizobaki, namba 1 bado imo ndani ya kifuu pamoja na vikaratasi viwili vingine. Bakari ataipata mara moja katika kila mara tatu, yaani mara 6. Zimebaki mara 12, na ndani ya kifuu mna vikaratasi viwili. Chiku ataipata namba 1 katika nusu ya mara hizo, yaani mara 6. Zimebaki mara 6, na katika hizo zote kikaratasi cha mwisho ndicho chenye namba 1. Kwa hiyo Daudi naye ataipata mara 6.

Umeona? Wa kwanza kuchukua na wa mwisho kuchukua wana bahati iliyo sawa kabisa. Hakuna haja ya kusukumana.

Lakini angalia jambo moja. Hesabu hii ni ya kabla ya vikaratasi kufunguliwa. Kama Asha atafungua kikaratasi chake mara moja, na wote wakaona kwamba si namba 1, basi uwezekano wa Bakari sasa ni 1/3, kwa maana namba 1 imo katika vikaratasi vitatu vilivyobaki. Tukipata habari mpya, hatuna budi kufanya hesabu upya.

MAJIRANI KATIKA MSTARI

Asha na Bakari ni marafiki, na wangependa kusimama pamoja. Je, kura itawaweka karibu?

Tuanze tena na watu watatu. Katika mipango sita tuliyoandika, A na B wako pamoja katika ABC, BAC, CAB na CBA. Hiyo ni mipango 4 kati ya 6. Uwezekano ni 4/6, yaani 2/3.

Kwa watu wanne tutatumia njia ya mkato. Fikiri kwamba Asha na Bakari wamefungwa pamoja kwa kamba na kuwa kitu kimoja. Sasa tuna vitu vitatu vya kupanga: wale waliofungwa pamoja, Chiku na Daudi. Vitu vitatu hupangwa kwa namna 6. Lakini ndani ya kamba, Asha aweza kumtangulia Bakari, au Bakari akamtangulia Asha. Kwa hiyo tunazidisha kwa 2, tunapata 12. Uwezekano ni 12/24, yaani 1/2.

Kwa watu watano, vitu vya kupanga ni vinne. Tunapata 24 × 2 = 48. Uwezekano ni 48/120, yaani 2/5.

Tukiyaandika majibu haya kwa mfuatano, tunaona 2/3, 2/4, 2/5. Je, waweza kukisia jibu la watu sita? Kadiri mstari unavyorefuka, ndivyo marafiki wawili wanavyokuwa na uwezekano mdogo wa kukutana.

JARIBIO LA 2: Kulinganisha hesabu na matokeo

Hesabu yatuambia kwamba Asha atakuwa wa kwanza katika robo ya kura zote. Katika sayansi hatukubali jambo kwa kuwa limesemwa tu. Tunalijaribu.

Utaratibu:
1. Kila kundi lipige kura mara 24. Baada ya kila kura, rudisheni vikaratasi vyote ndani ya kifuu na kuvichanganya.
2. Kila mara andikeni jina la aliyepata namba 1.
3. Hesabuni kila mtu amepata namba 1 mara ngapi.
4. Mwalimu ajumlishe ubaoni matokeo ya wale waliochukua kikaratasi kwanza katika makundi yote.

Kwa hesabu, kila mtu angepata namba 1 mara 6. Lakini yamkini kundi lako halikupata 6, 6, 6 na 6. Mmoja aweza kupata mara 8, mwingine mara 4. Hii si ishara ya kosa, wala si ishara ya uchawi. Bahati haifuati hesabu hatua kwa hatua. Ila matokeo ya makundi mengi yakijumlishwa, sehemu ya kila mmoja hukaribia robo. Ndiyo sababu mwanasayansi hatosheki na majaribio machache.

Kumbuka pia kwamba vikaratasi havina akili wala kumbukumbu. Kama Chiku amekuwa wa mwisho mara tatu mfululizo, wenzake huweza kusema, "Safari hii lazima atakuwa wa kwanza." Si kweli. Vikaratasi vikisharudishwa na kuchanganywa, uwezekano wake ni uleule 1/4.

KURA ISIYOCHANGANYWA VIZURI

Hesabu zetu zote zinasimama juu ya sharti moja: vikaratasi viwe vimechanganywa vizuri. Sharti hilo likivunjwa, kura haina haki. Jambo hili liliwahi kutokea katika nchi ya Marekani, nalo liliwahusu vijana wengi.

Mwaka 1969 Marekani ilikuwa ikipigana vita nchini Vietnam. Tarehe 1 Desemba mwaka huo serikali ilipiga kura ili kupanga zamu ya vijana wa kuitwa jeshini. Tarehe zote 366 za mwaka, pamoja na ile ya 29 Februari, ziliandikwa katika vikaratasi na kutiwa ndani ya vikasha vidogo vya plastiki. Vikasha vilichukuliwa kimoja kimoja. Tarehe ya kwanza kutoka ilikuwa 14 Septemba, na vijana waliozaliwa tarehe hiyo walipewa namba 1. Tarehe zote zilipewa nafasi katika mstari, kuanzia 1 hadi 366. Hatimaye walioitwa ni wenye namba 1 hadi 195.

Baada ya kura, wataalamu wa hesabu waliyachunguza matokeo. Mwezi wa Desemba una siku 31. Kama vikasha vingechanganywa vizuri, tungetazamia kiasi cha siku 14 za mwezi huo zipate namba zinazozidi 195. Lakini ni siku 5 tu zilizopata namba hizo. Vijana wa Desemba waliitwa kwa wingi uliopita kiasi. Sababu ilikuwa nini? Vikasha vilitiwa mwezi baada ya mwezi, Januari kwanza na Desemba mwisho, kisha havikuchanganywa vya kutosha. Tarehe za miezi ya mwisho zikawa rahisi kufikiwa na mkono.

Katika kura iliyofuata mwaka 1970 utaratibu ulibadilishwa. Yalitumika mapipa mawili, moja la tarehe na moja la namba, ili vyote viwili vichukuliwe kwa nasibu. Nasi tukumbuke: kifuu kitikiswe vizuri, na vikaratasi vikunjwe kwa namna moja.

KURA KATIKA SHAMBA LA MAJARIBIO

Sasa tuone kura inavyomsaidia mwanasayansi. Tuseme tunataka kujua kama samadi huongeza mazao ya mahindi. Katika bustani ya shule tunatengeneza vitalu vinne katika mstari mmoja. Viwili tutavitia samadi, na viwili tutaviacha bila samadi. Upande mmoja wa mstari uko karibu na bomba, na udongo wake una unyevu. Upande wa pili uko chini ya mwembe, nako kuna kivuli.

Tukitia samadi katika vitalu viwili vilivyo karibu na bomba, mahindi ya huko yaweza kustawi zaidi. Lakini je, yamestawi kwa sababu ya samadi au kwa sababu ya maji? Hatutajua. Kazi yetu yote itakuwa imepotea bure.

Basi tupige kura. Tuandike S kwa kitalu chenye samadi, na B kwa kitalu kisicho na samadi. Mipango inayoweza kutokea ni sita, tukianza kusoma upande wa bomba:

SSBB   SBSB   SBBS
BSSB   BSBS   BBSS

Mpango tunaouogopa ni SSBB, ambao samadi yote iko upande wa bomba. Uwezekano wake ni 1/6. Kwa hiyo kura peke yake haijaondoa hatari yote. Ila tukitengeneza mistari miwili, na kila mstari tukaupigia kura yake, uwezekano wa mistari yote miwili kuwa SSBB ni 1/6 × 1/6 = 1/36. Kwa mistari mitatu ni 1/216. Hapo tunaona sababu ya mambo mawili ambayo wataalamu hawayaachi: kupiga kura na kurudia.

Mtaalamu aliyefundisha sana njia hii ni Ronald Fisher, Mwingereza aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Leo vituo vya utafiti wa kilimo duniani kote hutumia njia hiyo. Mkoa wa Tanga nao una kituo cha namna hiyo huko Mlingano, wilaya ya Muheza, kinachojulikana sana kwa utafiti wa mkonge.

VIBANDA VYA MBU HUKO MUHEZA

Mji wa Muheza uko kwenye barabara itokayo Tanga kwenda Segera. Katika wilaya ya Muheza wataalamu wa Kituo cha Amani, ambacho ni sehemu ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wamechunguza malaria na mbu kwa miaka mingi. Malaria huenezwa na mbu jike aina ya anofelesi, na chandarua chenye dawa ni kinga kubwa dhidi yake. Lakini chandarua kipi ni bora kuliko vingine? Ili kujua, wataalamu hutumia vibanda vya majaribio.

Katika kila kibanda hutundikwa chandarua, na mtu mzima aliyekubali kwa hiari yake hulala ndani ya chandarua hicho. Asubuhi mbu waliomo kibandani hukusanywa na kuhesabiwa, walio hai na waliokufa.

Hapa pana matatizo mawili. Kwanza, vibanda havilingani. Kile kilicho karibu na dimbwi huingiwa na mbu wengi. Pili, watu hawalingani. Mbu huvutwa zaidi na harufu ya miili ya baadhi ya watu. Kama chandarua kimoja kitabaki katika kibanda kimoja na kutumiwa na mtu mmoja, hatutajua kama matokeo yametokana na chandarua, kibanda au mtu.

Kwa hiyo vyandarua huhamishwa kwa mpango maalumu. Vikiwa vinne, navyo vibanda ni vinne katika mstari, mpango waweza kuwa hivi:

Kipindi cha 1: A B C D
Kipindi cha 2: B C D A
Kipindi cha 3: C D A B
Kipindi cha 4: D A B C

Soma mistari ya kulala, kisha soma mistari ya kusimama. Kila herufi hutokea mara moja tu katika kila mstari. Maana yake ni kwamba kila chandarua kimekaa katika kila kibanda. Kura hupigwa ili kuamua chandarua kipi kiitwe A, kipi B, kipi C na kipi D. Watu wanaolala nao huhamishwa kwa utaratibu wao, ili mtu mmoja asilale ndani ya chandarua kilekile kila siku.

Chandarua kinachoshindwa kuzuia mbu chaweza kusababisha mtoto augue. Kwa hiyo haki katika jaribio ni jambo kubwa. Kura husaidia kuyalinda maisha.

KURA SI JIBU LA KILA JAMBO

Yako mambo yasiyofaa kuamuliwa kwa kura. Tuseme kwamba Daudi haoni vizuri maandishi ya ubaoni akiwa mbali. Nafasi za kukaa darasani zikigawanywa kwa kura, aweza kuangukia dawati la nyuma, naye atashindwa kusoma. Kura hiyo ni sawa kwa hesabu, lakini haimtendei mema. Daudi apewe kwanza nafasi ya mbele, kisha wenzake watatu wapige kura kwa nafasi zilizobaki. Mipango yao itakuwa 6, na kila mmoja wao atakuwa na uwezekano wa 1/3 kwa kila nafasi. Kura yafaa pale ambapo wote wana haki sawa na haja sawa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mgawanyo wa nasibu ni ule ambao hakuna ajuaye matokeo yake mapema, na ambao kila mpango una bahati sawa.
2. Idadi ya mipango ya vitu katika mstari hupatikana kwa kuzidisha idadi ya vitu kwa namba zote zilizo chini yake hadi 1.
3. Uwezekano ni mipango yenye jambo tunalolitaka, ikigawanywa kwa mipango yote.
4. Anayechukua kura mwisho ana bahati sawa na anayechukua kwanza.
5. Kura isiyochanganywa vizuri si kura ya haki.
6. Mwanasayansi hupiga kura na kurudia jaribio ili asidanganyike.

MASWALI

1. Ngalawa 5 zimepangwa kwa kura katika mstari wa kuanzia mashindano. Ziko namna ngapi za kuzipanga? Ngalawa moja ina uwezekano gani wa kuwa karibu kabisa na ufuko?
2. Ndugu wawili wana ngalawa mbili kati ya hizo 5. Uwezekano wa ngalawa zao kuwa jirani ni upi?
3. Asha, Bakari na Chiku walikuwa wamesimama katika mpango ABC. Wamepiga kura upya. Andika mipango yote ambayo hakuna hata mmoja wao aliyerudi katika nafasi yake ya zamani. Uwezekano wake ni upi?
4. Juzi na jana Daudi alipata namba 4. Rafiki yake anasema kwamba leo hawezi kuipata tena. Je, unakubaliana naye? Toa sababu.
5. Kwa nini tarehe za mwezi wa Desemba zilipata namba ndogo nyingi katika kura ya Marekani ya mwaka 1969?
6. Unataka kulinganisha aina mbili za mbegu za mchicha katika vitalu vinne vya bustani ya shule. Eleza utakavyogawa vitalu hivyo, na utaje mambo ya mahali penu yanayoweza kuharibu jaribio lako.
7. Taja jambo moja la shuleni linalofaa kuamuliwa kwa kura, na jambo moja lisilofaa. Eleza tofauti yao.